Chui Aliyetota: Uchambuzi wa Kisa cha Keki ya Kwanza ya Madoadoa

Kisa hiki kilitokea Unguja mjini, katika wiki moja ya masika. Mhusika ni mwanafunzi wangu wa upambaji keki. Nitamwita Bi K., na herufi hiyo si yake. Mtaa sitautaja, na mambo mawili matatu ya familia ya mteja nimeyageuza ili wasijulikane. Bi K. ameniruhusu niandike kwa sharti moja, kwamba nisije nikaeleza makosa yake nikaruka langu. Langu lipo, siku ya Ijumaa usiku.

## Usuli

Bi K. hajafika miaka thelathini, ana watoto wawili, na amekulia katika nyumba iliyokuwa ikiuza mkate wa mayai na mkate wa kumimina. Kwa hivyo mayai, unga na moto havimtishi. Sponji yake inapanda vizuri kuliko yangu, na hilo nalisema bila kuona haya. Ugeni wake ulikuwa kwenye kupamba. Hadi wiki ile alikuwa amepamba keki nne tu, zote za krimu nyeupe na maua ya kuzungusha nozeli, ile ncha ya mfuko wa krimu. Fondanti, lile donge la sukari linalosukumwa kama chapati na kutandikwa juu ya keki, alikuwa ameisukuma darasani kwangu mara mbili, lakini hajapata kuitandika juu ya keki ya kulipwa.

Oda ilitoka kwa mama wa mtoto wa kike anayetimiza miaka 7. Mtoto huyo alikuwa na dera la madoa ya chui, zawadi ya shangazi yake, na tangu alipolivaa hakutaka kulivua. Mama akawaza keki ya ghorofa mbili: ya juu chui, ifanane na dera, na ya chini punda milia. Akatuma picha mbili kwa simu, moja ya dera limeanikwa kwenye kamba, nyingine ya keki ya ng'ambo iliyotengenezwa na mtu aliyebobea. Wakakubaliana shilingi 120,000, arubuni 50,000, na keki ifike Jumamosi kabla ya sala ya alasiri.

Mwanzoni bibi wa mtoto hakuifurahia habari hiyo. Unguja chui si mnyama wa kwenye kitabu tu. Watu wazima wamekua wakisikia habari za wafuga chui, wachawi wanaomtuma mnyama kuwadhuru watu, na kumwekea mtoto chui katikati ya meza ya sherehe aliona ni kujitakia. Mama akamwambia, "Mama, si chui, ni dera." Ikapita.

Mahali pa kazi nipaeleze pia, maana video nyingi tunazojifunzia hazitoki kwenye jiko kama hili. Ni chumba kimoja chenye dirisha moja, feni moja ya kusimama, oveni ya gesi, na friji la mlango mmoja ambalo ndani yake mna barafu za ubuyu anazouza kwa watoto wa mtaa. Masika ilikuwa imekolea. Nguo zilikuwa hazikauki hata ukizianika siku mbili, na chumvi kwenye kikopo ilikuwa imeshikana ikawa jiwe. Anayepamba keki akiiona chumvi iko hivyo, ajue sukari nayo itafuata.

## Mambo yalivyokwenda

Jumatano alioka. Sponji ya vanila na hiliki, ya inchi 10 na ya inchi 6, kila moja tabaka tatu. Zilipopoa alizifunga kwa karatasi ya nailoni. Jioni alikwenda Darajani kununua fondanti na rangi. Alitafuta kopo lenye alama ya halali, kwa sababu fondanti nyingine huwa na jelatini, na mteja wa hapa lazima ataiuliza jelatini hiyo imetoka kwa mnyama gani. Alinunua kopo la fondanti nyeupe, rangi ya jeli nyeusi, ya kahawia na ya manjano. Siku hiyo haikuwa na la kujifunza zaidi ya kwamba alifanya kila kitu sawa.

Alhamisi alipiga krimu: siagi gramu 500, sukari ya aisingi kilo 1. Akapaka keki zote mbili krimu nyembamba ya kushika chembe, akaiacha ya chini ikae kidogo, kisha akaitandika fondanti nyeupe. Hapo alipaswa kupongezwa. Ilikaa vizuri, mikunjo miwili tu, yote upande wa nyuma.

Kisha akaanza milia. Alikanda fondanti na kakao, akaongeza rangi nyeusi, akaisukuma kwenye kibao cha chapati, akachukua rula ya mtoto wa shule na kukata vipande vya sentimita mbili mbili, vilivyonyooka kama vimechongwa. Akavibandika kwa maji kidogo kuzunguka keki, kimoja hapa, nafasi, kingine pale. Mtoto wake wa kiume akapita na mpira mkononi, akasimama, akauliza, "Mama, hii jezi ya nani?"

Aliniambia alikaa kitako akaiangalia keki ile kwa dakika nzima. Mtoto alikuwa amesema kweli. Ilikuwa jezi. Alitoa vipande vyote kwa ncha ya kisu wakati bado vinatoka, akafuta alama kwa kidole kilichopakwa mafuta ya mgando ya kupikia, akatafuta picha ya punda milia wa kweli kwenye simu, akaikuza ubavuni. Ndipo alipokata upya, mara hii bila rula, vipande vyembamba juu na vipana katikati, vingine vimechanuka kama panda ya manati, vingine vimeishia njiani. Saa tano usiku alinitumia picha. Punda milia alikuwa amepatikana.

Ijumaa ilikuwa zamu ya chui. Alitandika fondanti keki ndogo, ameitia manjano na tone la kahawia mpaka ikapata rangi ya mchanga uliolowa. Baada ya swala ya Ijumaa alifungua video aliyokuwa ameihifadhi. Fundi wa kwenye video alikuwa akiyachora madoa kwa brashi, jeli nyeusi ameizimua kwa vodka. Bi K. akafanya kama ambavyo yeyote kati yetu angefanya: akaiacha vodka, akaweka maji.

Nusu saa ya kwanza ilikuwa nzuri. Madoa yalitokea, mviringo mviringo, meusi. Kisha akaona doa la kwanza alilochora likiwa na mkia. Mstari mwembamba wa rangi ya kijivu ulikuwa ukishuka kutoka chini ya doa kuelekea kwenye ubao. La pili hivyohivyo. Pale alipolibonyeza kwa tishu ili kulikausha, ngozi ya fondanti ilibanduka, ikaacha kishimo kinachong'aa kama kidonda kibichi. Akawasha feni. Robo saa baadaye umeme ukakatika.

Saa tatu usiku umeme uliporudi alinipigia. "Shikamoo mwalimu. Chui wangu analia."

Nilikuwa mezani na wageni, sikuiona keki, sikuuliza maswali niliyopaswa kuuliza. Nikamwambia, "Mwanangu, iweke kwenye friji saa moja, itakaza, kisha uendelee." Hili ndilo kosa langu. Akatoa barafu za ubuyu nusu friji, akaiingiza keki kama ilivyo, haijafunikwa. Ilikaza kweli. Alipoitoa, hewa ya moto iliyojaa maji ikakutana na keki ya baridi, na mbele ya macho yake keki nzima ikatoka jasho. Matone yakakusanyika, yakaungana, yakateremka. Madoa yote yakashuka nayo.

Picha aliyonitumia saa nne na nusu ninayo bado. Inafanana na ukuta wa nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe baada ya mvua.

Hapo ndipo nilipoondoka mezani, nikapiga simu tena, na tukazungumza kama watu wazima. Mpaka saa sita usiku alikuwa amebandua fondanti yote ya keki ya juu, akakwangua krimu iliyong'oka nayo, na kuchanganya rangi za asubuhi.

Jumamosi alianza baada ya sala ya alfajiri, hewa ikiwa bado ya baridi. Keki ya juu aliipaka krimu ya siagi badala ya fondanti. Krimu iliyobaki alikuwa ameiongezea mafuta ya mgando na sukari mpaka ikasimama kwenye mwiko. Akaisawazisha, akaielekezea feni, akasubiri mpaka akiigusa kwa kidole haishiki. Kawaida kwenye hewa kavu ngozi hiyo hufunga kwa dakika kama 20. Asubuhi ile ilichukua karibu saa nzima.

Madoa aliyaweka kwa mfuko wa krimu. Kwanza mabaka ya kahawia, makubwa kwa madogo, hakuna mawili yanayofanana, yametawanyika bila safu. Juu ya kila baka akazungusha nyeusi kwa nozeli nyembamba, si duara kamili, ila vipande viwili au vitatu vilivyopinda kama mwezi mchanga, vimelizunguka baka vikiacha mianya. Katikati ya mabaka akadondosha nukta nyeusi chache. Ngozi ilipofunga tena, akaweka kipande cha karatasi ya kuokea juu ya madoa na kuyapapasa taratibu kwa kidole yalale sawa na uso wa keki. Saa nne asubuhi alimaliza.

Ghorofa hakuzipandisha nyumbani. Alichoma vijiti vitano vya mishikaki kwenye keki ya chini, amevikata kwa urefu wa keki, akaiweka kila keki kwenye sanduku lake, akaita bajaji. Mvua ilikuwa ikinyesha. Keki ya juu, ikiwa juu ya kibao chake cha kadibodi, aliipandisha kwa mteja, mezani, saa tisa kasorobo.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulifanyika kabla hata ya unga kupimwa: kukubali mnyama wa pili. Bi K. anasema alikubali kwa sababu mama alikuwa mkarimu wa bei na yeye aliona aibu kusema bado anajifunza. Namwelewa. Lakini chui na punda milia ni kazi mbili tofauti kabisa, zinataka rangi tofauti, mkono tofauti na siku tofauti. Mnyama mmoja na keki mbili zingemwachia Ijumaa nzima ya kukosea.

Uamuzi wa kubadilisha vodka kwa maji hakuufikiri kama uamuzi, na hapo ndipo ulipoponyoka. Kuiacha vodka kulikuwa wazi, hakuna la kujadili. Swali ambalo halikuulizwa ni vodka ilikuwa ikifanya kazi gani pale. Nitalirudia.

Uamuzi wa usiku wa manane, wa kubandua badala ya kurekebisha, aliufanya mwenyewe, na hapo alinishinda. Mimi nilitaka afunike madoa yaliyotota kwa madoa ya fondanti yaliyokatwa, makubwa, yazibe aibu. Yeye akasema, "Mwalimu, chini kunabonyea. Nikibandika juu ya tope, kesho mchana yataanguka yote." Alikuwa ameigusa kwa mkono, mimi nilikuwa nimeiona kwenye picha.

Na uamuzi mdogo uliomuokoa zaidi ya yote: hakupandisha ghorofa mapema. Wanafunzi wengi huwa na hamu ya kuiona keki imesimama, hupandisha usiku wa kuamkia sherehe. Lau angefanya hivyo Ijumaa mchana, rangi nyeusi ingeteremka mpaka kwa punda milia, na tungekuwa na wanyama wawili wagonjwa.

## Matokeo

Mtoto alifurahi. Alisimama karibu na keki na dera lake, akapigwa picha, na kwenye picha ile kweli vimefanana, ingawa madoa ya keki ni madogo kuliko ya dera. Mama alilipa. Bi K. mwenyewe alimpunguzia shilingi 10,000, kwa sababu nyuma ya keki ya juu kulikuwa na sehemu ya upana wa kiganja ambapo nyeusi ilikuwa imeanza kuvujia kwenye manjano. Mama hakuwa ameiona. Mimi nisingepunguza, ila kila mtu na dhamiri yake.

Malalamiko yalikuwa moja: ndimi na meno ya watoto yaligeuka rangi. Si kwa chui, ni kwa punda milia, ambaye weusi wake ulitiwa jeli nyingi kwa pupa.

Bibi wa mtoto alikula. Alipopelekewa sahani aliirudisha, akasema akatiwe upande usio na chui.

Kwa hesabu, alikuwa amekadiria vifaa vya shilingi 62,000. Fondanti iliyotupwa na rangi za ziada zikala 17,000, bajaji 6,000. Ukitoa na punguzo, alibakiwa na 25,000 kwa siku nne.

## Uchambuzi

### Jicho lilikosa kabla ya mkono

Watu wakiona kazi imeharibika husema mkono wake bado mchanga. Mkono wa Bi K. ulikuwa imara tangu Alhamisi. Vile vipande vya rula vilikatwa vizuri mno. Tatizo ni alikomtoa punda milia. Unguja hatuna pundamilia porini. Wengi wetu, tukiambiwa tufikirie milia, kinachokuja kichwani ni kivuko cha barabarani, mistari sawa, nafasi sawa. Bi K. alichora kivuko. Mnyama mwenyewe ana mistari inayokonda, inayochanuka, inayopinda kufuata mwili, na hakuna miwili iliyo sawa. Siku alipokuza picha ya ubavu wa mnyama, kazi ilimchukua chini ya saa mbili.

Kwa chui ilikuwa hivyohivyo, hatua moja zaidi. Picha ya dera ni nakala ya nakala: mchoraji wa kitambaa alimwangalia chui, au alikiangalia kitambaa cha mwenzake. Ijumaa mchana Bi K. alichora nukta nyeusi zilizojaa. Hizo ni za duma. Doa la chui lina moyo wa kahawia na ukingo mweusi uliokatikakatika. Wanafunzi wangu wengi wakishajua habari ya ukingo, huufunga ukawa pete kamili, na keki inaonekana kama imepigwa mihuri. Mwanya ndio unaomfanya chui. Darasani sasa nawaambia wachore mwezi mchanga mara mbili, zinazotazamana, zisigusane. Hakuna anayehitaji kufundishwa mwezi mchanga ukoje.

Nina la kuchomekea hapa. Chui wa Unguja, yule aliyepewa jina la kitaalamu Panthera pardus adersi mwaka 1932 na ambaye wataalamu wengi wanaona ametoweka, alikuwa mdogo kuliko wa bara na madoa yake yalikuwa madogo, mengine yamevunjika yakabaki nukta nukta. Bi K. alipoogopa kuweka mabaka makubwa Jumamosi asubuhi, akaweka madogo yaliyovunjika, alimkaribia chui wetu kuliko dera lilivyomkaribia. Hakukusudia, lakini namwambia ajisifie.

### Vodka ilikuwa ikifanya nini

Fondanti ni sukari. Sukari na maji ni ndugu, wakikutana wanakumbatiana. Ukipaka rangi iliyozimuliwa kwa maji juu ya fondanti, maji yanaanza kuyeyusha ule uso wenyewe unaouchora, na yanakaa pale mpaka yaruke hewani. Pombe kali huruka haraka, kabla haijapata nafasi ya kuyeyusha kitu, na hiyo tu ndiyo sababu mafundi wa ng'ambo huitumia. Kwa hiyo mbadala wetu usiwe kimiminika chochote kilicho halali, uwe kitu kisichoyeyusha sukari.

Kitu hicho ni mafuta. Kakao iliyokorogwa na siagi ya kakao, yaani mafuta ya mbegu za kakao zenyewe, iliyoyeyushwa inachora vizuri sana, na inaganda, kwa kuwa siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi kama 34. Mwanafunzi mmoja alijaribu mafuta ya nazi, kwa vile yapo kila nyumba. Hayo huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, maana yake hapa kwetu hayagandi mchana wala usiku, na rangi inabaki inang'aa na kutia watu vidole. Asiyepata siagi ya kakao asichore kabisa: akate madoa kwenye fondanti ya rangi iliyosukumwa nyembamba, ayabandike, au afanye alivyofanya Bi K. Jumamosi, aache fondanti na atumie krimu.

Kwa mwanzo, mimi napendelea krimu. Doa la krimu likikosewa linatolewa kwa ncha ya kijiti cha meno. Doa lililochorwa kwa brashi likikosewa, umeshaandika.

### Siagi peke yake

Krimu ya Alhamisi ilikuwa siagi tupu. Siagi huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35, na huanza kulegea mapema zaidi ya hapo. Jiko lenye oveni iliyowaka, mchana, Unguja, halihitaji kipimajoto kukwambia. Nusu siagi na nusu mafuta ya mgando hupoteza ladha kidogo lakini husimama. Bi K. aliligundua hilo saa sita usiku, kwa kulazimika. Mimi nilikuwa nimelisema darasani, ila nililisema kwa maneno, sikuwapigisha krimu mbili na kuziweka dirishani wakaona ipi inaanguka. Tangu hapo nawapigisha.

### Weusi hauharakishwi

Rangi nyeusi ya jeli huendelea kukolea saa nyingi baada ya kuchanganywa. Anayeanza huona kijivu, huongeza, huona kijivu bado, huongeza tena. Kesho yake ana nyeusi ya makaa, chungu mdomoni, na meno ya watoto ndiyo yanayolipa. Ya punda milia ilichanganywa na kutumiwa papo hapo. Ya chui ilianza na krimu ya kakao iliyokwisha kuwa kahawia nzito, ikatiwa jeli kidogo usiku, ikafunikwa mpaka alfajiri. Ilikuwa nyeusi zaidi kwa rangi kidogo zaidi, na haikuacha alama kwenye ulimi wa mtu.

### Friji

Nililosema Ijumaa usiku lingefaa kwa mtu aliye kwenye chumba chenye kiyoyozi. Kwenye hewa ya masika, kitu chochote cha baridi kinavuta maji, angalia glasi ya sharubati. Ikiwa lazima keki iingie kwenye friji, iingie ndani ya sanduku lililofungwa vizuri, na ikitoka lisifunguliwe mpaka sanduku lenyewe likiguswa halina ubaridi. Jasho litatoka juu ya sanduku, keki ibaki kavu. Na keki iliyokwisha kutota haifai kuingizwa huko kwa vyovyote. Ilitakiwa feni, subira na dirisha lililofungwa. Kufungua dirisha wakati mvua inanyesha ili "ipate hewa" ni jambo jingine tunalolifanya sote.

### Oda iliyofuata

Wiki sita baadaye Bi K. alipata mteja mwingine wa wanyama. Safari hii alimwambia mapema anafanya mnyama mmoja kwa keki moja, na akampendekezea ambaye mimi sikuwa nimemfikiria: kanga, yule ndege ambaye inasemekana nguo zetu zimechukua jina lake. Manyoya meusi ya kijivu, nukta nyeupe. Hakuhitaji jeli nyeusi, weusi wote ulitoka kwenye kakao. Nukta hazina ukingo wala mwanya, na mkono ukitetemeka zinakuwa kubwa kwa ndogo, kama zilivyo kwa ndege mwenyewe. Aliniita nije nitazame. Alianza saa tatu asubuhi, na adhana ya adhuhuri ilimkuta anaosha nozeli.